Kinachobaki Nyenje Akiruka

Shedinja hatafutwi. Katika michezo ya video ya Pokémon Ruby na Pokémon Sapphire, iliyotoka Japani tarehe 21 Novemba 2002, mchezaji anaweza kupekua kila pori, kila pango na kila ufuo wa Hoenn, nchi ya kubuni iliyochorwa kwa kufuata kisiwa cha Kyushu, asikutane naye hata mara moja. Hawindwi, hauzwi, wala hatoki kwenye yai. Njia ya kumpata ni moja. Mchezaji humlea mdudu wa ardhini aitwaye Nincada mpaka afike kiwango cha 20. Hapo Nincada hugeuka kuwa Ninjask, nyenje mwenye mabawa, kwa mwanga na muziki na maneno ya pongezi. Sherehe ikiisha, mchezaji akifungua orodha ya viumbe anaosafiri nao, anamkuta mgeni ambaye hakumwita na ambaye mchezo haukumtangaza. Mgeni huyo ni ganda. Ni ile ngozi ngumu ambayo Ninjask ameivua akaenda zake, nayo sasa ina jina, ina namba yake ya 292 katika daftari la viumbe, na ina uhai wa aina yake.

Lipo sharti. Mchezaji hutembea na viumbe wasiozidi sita. Nafasi zote sita zikiwa zimejaa wakati Nincada anageuka, ganda halionekani. Limepotea, na hakuna neno linalosemwa juu ya kupotea kwake. Kuanzia michezo iliyofuata ya Diamond na Pearl, ya mwaka 2006, likaongezwa sharti la pili: mkobani lazima uwepo mpira mtupu, ule wa kuhifadhia kiumbe. Kinachoachwa nyuma hupata uhai kwa yule tu aliyeweka mahali pa kukipokea. Nimesoma hadithi nyingi za walioondoka na walioachwa, na ni chache zilizolifikia jambo hili kwa ufupi kama kanuni hii ya mchezo wa watoto.

Naliandika hili kwa sababu macho yetu humfuata anayeruka. Nyoka akijivua gamba tunamzungumzia nyoka. Mtu akibadilika, akapanda cheo, akahama mji, akaoa au akaokoka, mazungumzo yote ni ya huyo mpya. Na michezo ya Pokémon, katika mamia ya viumbe wake, imejengwa juu ya shauku hiyo hiyo ya kukua: kiwavi awe kipepeo, kijoka kiwe joka, kila hatua iwe kubwa kuliko iliyotangulia. Halafu katikati ya shangwe hiyo akatokea mtu, katika chumba fulani cha wabunifu, akauliza: na ile ngozi je?

Swali hilo lina asili yake katika utoto wa Kijapani. Satoshi Tajiri, mwasisi wa Pokémon, alizaliwa mwaka 1965 akakulia Machida, pembezoni mwa Tokyo, enzi ambazo huko bado kulikuwa na mashamba, vidimbwi na vichaka. Alikusanya wadudu kwa bidii hadi wenzake wakamwita daktari wa wadudu. Mji ukapanuka, vidimbwi vikafukiwa, vichaka vikageuka majengo. Alipotoa mchezo wake wa kwanza wa Pokémon tarehe 27 Februari 1996, alikusudia watoto wa mjini waipate tena raha ya kuingia majanini na kutoka na kitu hai mkononi. Kila mtoto aliyewahi kufanya hivyo huko Japani wakati wa joto anayajua maganda ya nyenje. Yako kwenye mashina, kwenye kuta, chini ya majani, mepesi kabisa, ya rangi ya kahawia inayopitisha mwanga. Watoto huyaokota, huyapanga, huyaning'iniza kwenye fulana zao kwa kucha zake. Wakati mwingine nyenje mwenyewe haonekani; anasikika tu huko juu mtini. Ganda ndilo linaloshikika.

Maisha ya mdudu huyu yanastahili kusimuliwa polepole, kwa sababu mchezo umeyafuata kwa uaminifu. Tunutu wa nyenje hukaa ardhini miaka kadhaa, gizani, akifyonza maji ya mizizi ya miti. Nincada wa kwenye mchezo ni hivyo hivyo: daftari linasema anaishi chini ya ardhi miaka mingi, anajilisha kwa mizizi, haoni vizuri, na huketi bila kujongea akisubiri siku yake. Siku ya tunutu ikifika, jioni ya majira ya joto, hutoboa udongo, hupanda shina, hukita kucha kwenye gome na kutulia. Mgongo hupasuka. Anayetoka ni laini, mweupe, mabawa yamekunjamana. Kufikia asubuhi yameshanyooka na kukauka, rangi imemwingia, yuko tayari. Ataimba majuma machache kisha afe.

Ganda hubaki pale pale, limeshika gome kwa nguvu ambayo mwenyewe hana tena. Miguu ya mbele ya kuchimbia imo, imeinuliwa. Macho yamo, yamekuwa vigamba viangavu visivyoona. Na anayechungulia kwenye ufa wa mgongo ataona nyuzi nyeupe zikining'inia kwa ndani. Wadudu hawana mapafu. Hewa huwaingia kwa vitundu vya ubavuni na kusambaa mwilini kwa mirija, na mirija hiyo ina utando wake wa ndani, ambao nao huvuliwa pamoja na ngozi. Zile nyuzi nyeupe ndizo utando huo. Nyenje anapoondoka huacha nyuma hata njia alizopitishia pumzi miaka yote ya giza.

Daftari la mchezo linasema Shedinja hapumui. Wengi huisoma sentensi hiyo kama ya kutisha. Mimi kila nikiisoma nazikumbuka nyuzi zile, na naiona kuwa sentensi ya huruma: hapumui, lakini amehifadhi mahali pumzi ilipopita.

Tuangalie urithi wake, maana hapo watunzi wa kanuni walipima kila kitu. Katika Ruby na Sapphire, ganda linapozaliwa hunakili karibu kila kilichokuwa ndani ya Nincada: tabia ile ile, uzoefu ule ule, mapigo yale yale aliyokuwa ameyajua. Lakini kama mchezaji alikuwa amempa Nincada jina la kumpenda, jina hilo huenda na mwenye mabawa. Ganda huitwa Shedinja tu. Nishani alizoshinda Nincada haziji kwake. Kitu alichokuwa amekishika hakiji. Hata sumu haiji: Nincada akigeuka huku ana sumu mwilini, Ninjask ndiye anayeendelea kuugua, na ganda linaanza likiwa safi.

Ujuzi umebaki, sifa zimeondoka. Watu wa namna hiyo tunao. Ni ndugu aliyebaki na wazazi wakati mwenzake alipopanda basi la mjini. Anajua kila alichokijua mwenzake, dawa za mzee ziko wapi, shamba linaishia kwenye mti gani, nani anamdai nani, na hakuna mgeni anayemwuliza habari zake mwenyewe. Wanaofika wanauliza habari za yule wa mjini. Sisemi kwamba wabunifu wa Japani waliwafikiria watu hao. Nasema kwamba kanuni zao zimewakuta.

Tarakimu nazo zinasema. Kila Pokémon ana vipimo sita vya msingi: uhai, shambulio, ulinzi, shambulio maalumu, ulinzi maalumu na kasi. Nincada ana uhai 31, shambulio 45, ulinzi 90, vile viwili maalumu 30 na 30, na kasi 40. Ninjask anaporuka, kasi hiyo inapanda hadi 160, na mwaka ule wa 2002 hapakuwa na kiumbe katika mchezo aliyempita. Shedinja je? Vipimo maalumu ni vile vile, 30 na 30. Kasi ni ile ile, 40. Shambulio na ulinzi vimebadilishana nafasi: 45 imekuwa 90, na 90 imekuwa 45. Uhai umekuwa 1. Ukijumlisha, Nincada alikuwa na 266, na Shedinja ana 236. Mageuzi yanayompunguza anayegeuka ni kitu kigeni kabisa katika mchezo huu, na nayapenda kwa ukweli wake. Yapo mabadiliko ambayo mtu hutoka akiwa na kidogo kuliko alichoingia nacho.

Hiyo 1 haipandi. Viumbe wengine wote huongezeka uhai kadiri wanavyopanda viwango. Shedinja akifika kiwango cha 100 bado ana 1. Dawa za kuongeza uhai hazimfanyii chochote. Kanuni imeandikwa kwa ajili yake peke yake. Ganda halikui. Linaweza kupata uzoefu, kujifunza, hata kuwa na nguvu ya kupiga, lakini uhai wake ni ule ule mmoja wa siku lilipookotwa.

Na hapo ndipo akapewa kinga ambayo hakuna Pokémon mwingine aliyezaliwa nayo. Yeye ni wa aina mbili, Mdudu na Mzuka, na kinga yake inasema hivi: pigo lolote ambalo si udhaifu wa aina zake halimgusi. Mwaka 2002 aina zote zilikuwa 17. Zinazoweza kumwumiza ni tano: moto, hewa, mwamba, mzuka na giza. Nyingine zote humpita. Umeme humpita, barafu humpita, nguvu za akili humpita. Katika Sapphire yuko Kyogre, jitu la baharini ambalo ngano za Hoenn zinasema ndilo lililoipanua bahari. Hupiga kwa maji yanayoangusha kundi zima la viumbe hodari. Shedinja akisimama mbele yake, maji yote hayo hayampunguzii kitu. Anasimama hajongei, na uhai wake ni 1, na bahari haiwezi.

Kinachomwua ni vitu vidogo. Kaskazini mwa mji wa Mauville kuna jangwa ambalo dhoruba ya mchanga haikomi. Shedinja akiingia vitani hapo, zamu ya kwanza inapoisha chembe za mchanga zinamkwangua na anaanguka. Sumu ya kawaida, ambayo wengine huivumilia zamu nyingi, kwake ni mara moja. Kuungua kidogo, mara moja. Mbegu ya kunyonya, mara moja. Miiba iliyotandazwa ardhini kabla hajafika humwua anapoweka mguu, kabla hata hajaonana na adui.

Nimelifikiria hili kuliko sehemu nyingine yoyote ya kiumbe huyu, kwa sababu ndivyo nilivyowaona watu waliobaki baada ya msiba. Mambo makubwa huyasimamia. Mazishi wanayaendesha, wageni wanawapokea, deni wanalilipa, na anayewatazama anasema wana moyo wa chuma. Halafu siku moja wanaanguka kwa jambo lisilo na uzito, simu iliyoulizia jina la marehemu, kandambili zilizokutwa chini ya kitanda. Anayewapima kwa ukubwa wa pigo hawezi kuelewa.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wachezaji wanaomwita Shedinja kiumbe wa mzaha. Wanasema ama adui ana dawa yake na anakufa papo hapo, ama hana na ushindi umekwisha kupatikana. Ni kweli kwa wale wanaomtupa vitani peke yake. Wanaomjua vizuri hufanya kazi nyingine kwanza. Humtanguliza mwenzake wa kuondoa miiba na mawe yaliyotandazwa uwanjani. Huwatoa uwanjani wale wenye moto na mwamba kabla ya zamu yake. Huangalia hali ya hewa. Kikosi kizima humfanyia nafasi, kama alivyofanyiwa siku ya kuzaliwa, naye akishafanyiwa nafasi husimama mahali ambapo hakuna mwingine angeweza kusimama. Nguvu yake ni kubwa kadiri anavyotunzwa.

Sasa lile la mgongo. Daftari linaonya kwamba anayechungulia kwenye tundu la mgongo wa Shedinja atachukuliwa roho. Mtoto anayesoma hayo husisimka na kuendelea. Lakini kumbuka vita vya Pokémon vinavyoonekana kwenye skrini: kiumbe wa adui hutazama mbele, na kiumbe wako unamwona kwa nyuma. Adui wa Shedinja anauona uso. Mwenye Shedinja ndiye anayeliona tundu, kila vita, kila zamu, liko pale chini ya skrini likimwelekea. Onyo lile ameandikiwa mlezi. Nadhani ni sawa. Anayeamua kukaa na kilichoachwa nyuma, na kukitazama kwa karibu siku baada ya siku, hujiweka katika hatari ambayo mpita njia hana.

Na mzuka huu ni wa nani? Swali hili ndilo linalonifanya nimrudie. Pokémon wa aina ya Mzuka kwa kawaida wana harufu ya kifo. Shedinja anaelea bila kupiga bawa, ana duara la nuru juu ya kichwa, na kila kitu katika mchoro wake kinasema marehemu. Lakini marehemu hayupo. Nincada hakufa, amekuwa Ninjask, na yuko katika orodha ile ile, mstari mmoja au miwili juu. Huu ni mzuka wa mtu aliye hai. Ni miaka ya gizani iliyokataa kufutika kwa sababu tu mwenyewe amepata mabawa. Aliyeishi miaka ile chini ya ardhi, akachimba, akasubiri, akavumilia baridi ya udongo, alikuwa na ngozi gani? Ngozi hii. Ninjask anaiona dunia kwa mwili wa jana asubuhi. Ganda ndilo lililokuwapo wakati wote.

Wahenga wa Mashariki ya mbali walilitazama jambo hili kwa pande mbili. Wachina wa enzi ya Han, miaka elfu mbili iliyopita, waliweka nyenje wa jiwe la jade juu ya ulimi wa maiti, wakimtumainia anayetoka na kuruka. Japani, mwanzoni mwa karne ya 11, Murasaki Shikibu aliandika katika Hadithi ya Genji kisa cha mwanamke aliyesikia mwanamume akimjia usiku, akateleza kutoka chumbani na kuacha vazi lake la juu. Genji akabaki na vazi mkononi, akalichukua, akakaa nalo. Sura hiyo, ya tatu katika kitabu, imepewa jina la ganda la nyenje, na mwanamke mwenyewe wasomaji wanamwita kwa jina hilo hilo hadi leo. Ametoroka yeye, na kinachojulikana ni alichokiacha. Shedinja ni wa ukoo huo wa pili.

Ipo kanuni moja zaidi ambayo sijui kama ilikusudiwa, nami naithamini. Ninjask hujiongezea kasi mwishoni mwa kila zamu bila kufanya lolote. Pia anaweza kujifunza pigo la kukabidhi kijiti, ambalo humwezesha kutoka uwanjani na kumwachia anayeingia kila nyongeza aliyoikusanya. Anayeingia anaweza kuwa yeyote katika kikosi. Anaweza kuwa ganda lake. Yule wa kasi 40 aliyekaa miaka bila kujongea anaingia vitani akiwa na mwendo wa mwenye mabawa, amepewa na mwenye mabawa mwenyewe. Inawezekana kabisa, imo katika kanuni, na inahitaji mchezaji anayewaweka wote wawili pamoja.

Wachezaji wengi hawawaweki. Humchukua Ninjask, na ganda humpeleka kwenye sanduku la kuhifadhia viumbe, na hapo hukaa. Kwa hiyo nina ombi kwa msomaji mwenye michezo hiyo, au mwenye mtoto anayeicheza. Katika Ruby na Sapphire, Nincada hupatikana kwenye majani ya Njia ya 116, mashariki mwa mji wa Rustboro. Mlee. Kabla hajafika kiwango cha 20, mwondoe mmoja katika wale sita ili nafasi ibaki wazi. Na kama toleo lako ni la baada ya hapo, hakikisha mpira mtupu umo mkobani. Mgeni akija, mpe jina lake mwenyewe, kwa kuwa lile la kwanza limeondoka. Usimpeleke sandukuni. Tembea naye, na umwepushe na mchanga.